Futa Huo Uchafu Sikioni

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Kwetu hapana! Kilichotula sisi hakikuwa nguoni. Kilikuwa ukutani, ndani ya fremu, kimevishwa maua ya plastiki, na kila Krismasi tulijipanga chini yake tupige picha ya familia.

Ngoja niwape mkasa.

Nilikuwa nimetoka kidogo kununua maji ya kunywa. Niliporudi dukani kwangu, hapa Same mjini, nikamkuta baba mkubwa Zebedayo amekaa kwenye kiti changu. Miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Wembe mkononi...

Anakwangua sikio la mtoto.

Mzee wa kanisa! Mtu anayepitisha kapu la sadaka! Anakwangua sikio la mtoto, taratiiibu, kama mtu anayemenya tangawizi.

Tulieni. Mtoto wa kwenye picha.

Lakini nawaapia, hata angekuwa mtoto wa nyama na damu, sidhani kama mkono ule ungetetemeka.

"Baba mkubwa! Unafanya nini?!"

"Shhh! Usinishtue, nitaichana."

"Hiyo ni picha yenyewe! Hakuna nyingine duniani!"

"Ndiyo maana naisafisha. Si nilikwambia ufute huu uchafu hapa sikioni? Unanizungusha tu. Ninyi vijana wa diploma mna maneno mengi, kazi hamna."

Akaipuliza picha. Pfuu!

Unga mweupe uliokuwa sikio ukatua juu ya kibodi ya kompyuta yangu.

Niliutazama ule unga.

"Umeshaiskani?" akauliza bila kuniangalia.

Swali lilikuwa jepesi. Sauti ndiyo haikuwa nyepesi.

"Bado," nikasema.

Nilikuwa nimeiskani asubuhi ile ile.

"Vizuri. Basi skani hii sasa. Iko safi."

Akafunga wembe kwenye karatasi yake, akautia mfuko wa shati, karibu na kalamu, akaondoka zake anapiga mluzi wa wimbo wa tenzi.

Sasa kwa wageni wa ukurasa huu: naitwa Jenoveva. Jeni wa Picha. Nina diploma ya uandishi wa habari na nina kaduka. Natoa kopi, nalaminisha, napiga picha za pasipoti, nachapa fulana za misiba. Ila kazi ninayoipenda ni ya picha za zamani. Watu wa milimani wananiletea zimegandana kwenye mifuko ya rambo, zimetafunwa na mende, nyingine panya amezalia juu yake. Naziskani moja moja, nazihifadhi, namrudishia mtu bibi yake akiwa kijana na maringo yake.

Diploma alinilipia baba mkubwa. Skana alininunulia yeye. Nayaweka mezani mapema, maana nawajua wenye vidole vyepesi huko kwenye komenti.

Na picha yenyewe, ile ya kwenye fremu ukutani kwake, ni hii.

Nyeusi na nyeupe, ndogo, inatosha kiganjani. Mtoto amekaa kwenye tope. Kaptula ya kaki imechanika. Juu amevaa gunia lililotobolewa shingo. Kichwa kipara. Tope hadi kwenye kope! Kilicho cheupe ni meno tu.

Nyuma yake ni ndiva. Kwa msiojua, ndiva ni bwawa letu la jadi kule milimani kwetu. Maji ya mto yanakingwa humo yajae, halafu yanafunguliwa kwa zamu kwenda mashambani. Ndiva ikikauka, kijiji kimekauka.

Hadithi tuliyolelewa nayo ni kwamba mwaka wa themanini na nne, mwaka wa njaa, sukari ya mgawo, sabuni ya mgawo, ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, siku moja mgawo ulifika duka la kijiji. Watu wazima wote wakakimbilia foleni. Huku nyuma kizibo cha ndiva kikang'oka! Maji ya mwisho ya kiangazi, yanakwenda!

Mtoto wa babu yangu Eliakimu akaingia kwenye lile tundu, akaliziba kwa mgongo wake. Akakaa. Maji yanamsukuma, yeye kakaa. Hadi watu waliporudi na vibaba vyao vya sukari.

Mahindi yakapona. Kijiji kikala.

Mzungu mmoja, mgeni wa usharika, akapiga picha. Akauliza, "Mtoto wa nani huyu?"

Babu akajibu, "Mwanangu."

Picha ikavuka bahari. Wafadhili huko kwao wakalia machozi, wakaagiza: mtoto yule asomeshwe mpaka elimu iishe.

Na akasomeshwa. Baba mkubwa Zebedayo! Sekondari ya bweni. Chuo kikuu. Alipomaliza, zama za ruksa zilikuwa zimeshafungulia watu biashara, akaanza ya mitumba hapa Same, marobota kwa marobota. Leo ana jumba, ana gari, na kwenye kila harusi anaitwa "mtoto wa ndiva".

Sasa ndiva imekarabatiwa upya. Kijiji kizima kilitoka msaragambo, yaani kazi ya wote, bure, majembe begani. Ikabaki sherehe ya kuizindua. Na jina lake jipya lilikuwa tayari kwenye kibao: NDIVA YA ZEBEDAYO.

Kazi yangu ilikuwa kuirusha ile picha ukutani kwa projekta. Kubwa kama mlango.

Nimeeleweka? Kubwa kama mlango.

Basi alipoondoka na wembe wake, nikafunga mlango wa duka. Nikafungua ile kopi ya asubuhi. Nikakuza. Nikakuza tena. Nikalifuata sikio.

Uchafu gani huu unaomfanya mtu mzima anunue wembe?

Halafu nikauona.

Haukuwa uchafu. Ilikuwa njiti.

Njiti ya ufagio! Imepita kwenye ndewe ya sikio, upande huu hadi upande huu.

Ninyi mliozaliwa na hereni za dukani hamjui. Zamani mtoto akitobolewa sikio, hereni hakuna, pesa hakuna, walimtia njiti ya ufagio ili tundu lisizibe. Mtoto wa kike. Rudieni hapo... WA KIKE!

Nikaegemea kiti.

Maana sikio lile nalijua. Nimelala karibu nalo utoto wangu wote.

Wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na shangazi Ernesta, dada yake baba mkubwa. Yeye ndiye anaishi kule juu na bibi Raheli, mama yao, anamtunza. Hajui kusoma. Na mpaka leo hii ninavyoandika, shangazi Ernesta anavaa njiti sikioni. Nimemnunulia hereni, anazigawa. "Sikio langu limeshazoea," husema, kisha anacheka.

Asubuhi nikapanda milimani.

Nilimkuta jikoni anakoroga makande kwenye sufuria la sherehe, moshi umemzunguka.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na sura ya kikao?"

Nikampa simu. "Huyu nani?"

Akafuta mikono kwenye khanga. Akaangalia.

"Si baba yako mkubwa?" Alijibu kama mtoto anayekariri mstari wa kipaimara.

"Shangazi... baba mkubwa alitobolewa sikio lini?"

Mwiko ukasimama katikati ya makande.

Nje kuku alikuwa anagombana na mwenzake. Nilisikia kila kitu.

"Kwani..." sauti yake ikawa ndogo, "kwani inaonekana?"

"Inaonekana, shangazi."

Akanyoosha kidole aiguse. Kioo kikateleza, ikatokea picha ya pasipoti ya mteja wangu, mbaba ana masharubu.

"Imeenda wapi? Nirudishie! Jeni, nirudishie!"

Jamani. Mwanamke huyu sijawahi kumsikia akidai kitu. Hata chumvi huwa haombi, anakula hivyo hivyo. Siku ile alidai!

Nikamrudishia. Akaishika simu kwa mikono miwili.

"Sijawahi kuiona kwa karibu," akasema.

"Si iko sebuleni kwa baba mkubwa miaka yote?"

"Mimi huwa napitia jikoni."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimekaa kwenye sebule ile, nimekunywa soda, nimepiga picha chini ya fremu ile nikitabasamu. Na yeye yuko nyuma ya ukuta, anaosha vyombo vyetu.

"Kaptula ilikuwa ya Zebedayo," akaanza, macho kwenye kioo. "Gauni langu lilikuwa moja tu, liko kambani linakauka. Kichwa mama alitunyoa wote. Sabuni ingetoka wapi? Chawa peke yao ndio walikuwa na mgawo wa kutosha."

"Na baba mkubwa alikuwa wapi?"

"Foleni. Analinda jiwe la baba."

"Jiwe?!"

"Tulikuwa tunapanga mawe foleni, jiwe linakushikia nafasi, unakwenda kulima. Ila watu walikuwa wanaiba hadi mawe! Ndiyo ikabidi jiwe nalo liwe na mlinzi."

Tukacheka. Mungu anisamehe, tulicheka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe.

"Na shule?"

"Habari ilipokuja, mchungaji alisoma kanisani: mtoto wa Eliakimu asomeshwe. Nikafurahi, nikamwambia baba, nitahitaji gauni. Baba akaniambia, 'Wamesema mtoto. Zebedayo si mtoto?'"

Akachochea kuni.

"Wiki ile ile nikapelekwa bondeni, shamba la mkonge, kuwa yaya wa msimamizi. Niliporudi nilikuwa mtu mzima. Zebedayo alikuwa ameshafungua duka. Akanipa kazi ya kubeba marobota."

Niacheni hapa niseme kidogo, maana lugha ndiyo kazi yangu.

Kiswahili hakimtengi yeye wa kike na yeye wa kiume. Huwa naringa kwa jambo hilo! Nimewahi kubishana na watu chuoni nikisema lugha yetu ina heshima kuliko zao. Mwana ni mwana. Mtoto ni mtoto. Yeye ni yeye.

Na ndimo humo walimomzika shangazi yangu.

Babu hakusema uongo hata neno moja. "Mwanangu." Kweli. "Mtoto wangu." Kweli. "Yeye ndiye aliyeziba ndiva." Kweli tupu! Walichukua maneno masafi ya wazee wetu, wakayageuza kichaka, wakamfukia humo msichana akiwa hai. Uongo wa kawaida ningeuvumilia. Huu unanitia kichefuchefu.

"Shangazi, unataka nifanye nini?"

"Sitaki ugomvi."

"Sijakuuliza usichotaka."

Akaonja makande, akatema maharage mabichi, akafunika sufuria.

"Siku ya sherehe nimepangiwa kugawa chai," akasema. "Nitakuwa napita na chupa katikati ya watu, na watu wanampigia kaka makofi kwa mgongo wangu. Huu hapa, Jeni! Mpaka leo kukiwa na baridi hauniachi niiname. Mimi shule siidai, imepita. Nataka wajue mara moja tu kwamba ni mimi. Nikiwa mzima. Basi."

"Basi?"

"Basi. Mambo ya baada ya hapo niachie."

Sherehe ikafika.

Ukumbi wa usharika umejaa, madirisha yamezibwa kwa khanga ili projekta ionekane. Bibi Raheli kawekwa mbele kwenye kochi, kajifunika shali nyeupe, malaika mtupu. Baba mkubwa ana suti. Wageni wana skafu.

Hotuba ya ile picha alikuwa ameiandika mwenyewe, akanipa mimi niisome, kwa sababu nina sauti ya redio. Na aliiandika kijanja! Mtu mkubwa hajisifu. Mtu mkubwa anaandika "mtoto huyu, mtoto huyu", halafu anakaa mbele anaangalia viatu vyake kwa unyenyekevu.

Nikashika kipaza sauti. Nikairusha picha ukutani.

Ile ya asubuhi, kabla ya wembe.

"'Mtoto huyu hakuwa na viatu,'" nikasoma. "'Mtoto huyu hakuwa na nguo.'"

Nikaikuza kidogo.

"'Mtoto huyu alitoa mgongo wake ili sisi tule.'"

Nikaikuza tena. Uso ukajaa ukuta. Watu wakaguna kwa huruma.

"'Mtoto huyu hakudai malipo, hakudai sifa, alinyamaza.'"

Nikalifuata sikio. Sikio likawa kubwa kama mlango...

Na njiti ikawa kubwa kama mwimo wake.

"'Na leo mtoto huyu yuko hapa, kati yenu. Naomba asimame, tumpigie makofi!'"

Baba mkubwa alikuwa ameshaanza kuinuka. Makalio hewani, kifungo cha suti anakifunga.

Mimi nikanyoosha mkono kuelekea mlango wa jikoni, aliposimama shangazi Ernesta na chupa ya chai.

Sikuongeza neno hata moja kwenye hotuba yake. Hata nukta sikuhamisha. Kila alichoandika kilimkaa shangazi kama ngozi!

Mara sauti ya mama mmoja huko nyuma: "He! Njiti!"

"Njiti gani?"

"Si hiyo hapo! Sikioni!"

"Mtoto wa kike huyo!"

"Uwiii!"

Ukumbi ukavuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Baba mkubwa akaninyang'anya kipaza sauti. Nilidhani ataanguka. Hakuanguka. Akatabasamu! Ndipo nilipojua mtu huyu alijiandaa maisha yake yote.

"Ndugu zangu," akasema kwa upole, "vijana hawajui mila. Mama yangu alizika watoto kabla yangu. Mtoto wa kiume akizaliwa baada ya misiba, anatobolewa sikio, anaonekana kama msichana, ili kifo kipite kisimtambue. Njiti ile ndiyo iliyoniponya."

Watu wakaanza kutikisa vichwa. Eee, ni kweli, mambo hayo yalikuwepo. Hata mimi, nusura niamini!

Akageuka kwa bibi. "Si ndivyo, mama?"

Bibi Raheli, malaika wetu wa shali nyeupe, akainua kichwa.

"Ndivyo," akasema.

Shangazi Ernesta akaiweka chupa ya chai mezani, mbele ya wageni. Akatembea hadi mbele. Haraka hakuwa nayo. Akainua mkono sikioni, akaichomoa njiti yake. Akaifuta kwa upindo wa khanga.

Akamnyooshea kaka yake.

"Kaka... vaa."

Maneno mawili!

Baba mkubwa akaitazama ile njiti kama mtu aliyepewa nyoka. Mkono wake ukapanda wenyewe kwenye sikio. Akalishika. Sikio laini, zima, kama haragwe.

"Vaa, kaka. Tundu si lipo?"

Huko nyuma bibi mmoja akapasuka kicheko. "Mvishe, Ernesta! Mvishe!"

"Asaidiwe, macho hayaoni!"

"Mleteeni kioo!"

Kicheko kikapanda ukumbi mzima, wanawake wanapigana mabega. Baba mkubwa akakitupa kipaza sauti, akatoka. Kilichomwangusha hakikuwa picha yangu. Ni tundu ambalo hakuwa nalo.

Mnadhani imeisha?

Hapana. Sasa ndiyo tunafika kwenye uozo wenyewe.

Baada ya ibada ya Jumapili nikaitwa kikao cha ukoo. Mimi! Nilikwenda nimevaa vizuri, nikidhani tunakwenda kumhoji aliyekwangua picha. Nikaonyeshwa kiti cha mshtakiwa.

"Jenoveva," mzee Eliufoo, mwenyekiti wa ukoo, akakohoa. "Umeuaibisha ukoo."

"Mimi, mzee wangu? Au aliyekula shule ya dadaye?"

"Unadhani sisi tulikuwa hatujui?"

"...Nini?"

"Mimi ndiye niliyemtoa Ernesta kwenye lile tundu kwa mikono hii. Alikuwa amekakamaa kama kuni. Ningeachaje kujua?"

Nikawatazama mmoja mmoja. Wazee wa kanisa. Mama wakubwa. Walionibeba, walionipa uji.

"Mlijua wote?"

Wakaangalia sakafu. Wote! Kumbe uongo haukuwa wa mtu mmoja. Ulikuwa msaragambo. Kila mtu alitoka na jembe lake.

Sisi Wapare, watani zetu husema Mpare akiibiwa kuku, atauza ng'ombe aendeshe kesi. Kweli, tunapenda haki. Nimeshuhudia kikao cha siku nzima juu ya mgomba mmoja uliovuka mpaka. Lakini msichana aliponyang'anywa maisha yake, hakuna aliyeuza hata yai.

"Kosa lako si uongo," mzee Eliufoo akaendelea. "Kosa lako ni kuanika ya ndani. Utaleta mbuzi, na utaomba radhi kwa baba yako mkubwa mbele ya usharika."

"Baada ya yote niliyokufanyia!" baba mkubwa akadakia. "Nani amekusomesha, wewe mtoto? Nani?!"

"Wewe ulisoma kwa mgongo wa nani, baba mkubwa?"

Akaangalia viatu vyake.

"Basi aliyenisomesha ni shangazi. Nitamshukuru yeye."

Na hapo ndipo bibi Raheli akasema, kwa ile sauti yake tamu ya kuombea chakula:

"Mwacheni Zebedayo. Wembe nilimpa mimi."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Bibi?"

"Njiti ile niliitia kwa mkono wangu, ningeisahauje? Aliponiambia picha itakuzwa iwe kubwa kama mlango, nikamwambia, mwanangu, angalia sikio. Wanaume hawaangalii masikio."

"Bibi... ni mwanao. Wa tumboni mwako."

"Nafasi ilikuwa moja!" Akanikazia macho, na nawaambia hayakuwa macho ya ajuza aliyechoka. "Ukimsomesha msichana umesomesha ukoo wa watu. Ataolewa, ataondoka, elimu anaondoka nayo. Ningebaki na nini?"

"Na ameondoka kwenda wapi, bibi? Leo asubuhi nani amekuogesha?"

Bibi alitaka kusimama, kwa hasira, mkongojo ukateleza.

Na mkono ukatokea nyuma yake ukamdaka. Mkono wenye harufu ya moshi na makande.

"Taratibu mama," shangazi Ernesta akasema. "Utaanguka."

Alikuwa amesikia kila kitu. Akamkalisha. Akamtengenezea shali, upande huu, upande huu. Akatoka nje.

Na wale wazee wote wakapumua kwa nafuu! Kwa sababu hakulia. Kwa sababu hakupiga kelele. Walitazama mikono ile inapanga shali, wakaona ni sawa tu, mambo yamekwisha, mwendo ule ule.

Nikatoka nikatapika nyuma ya nyumba. Si maneno ya kupamba simulizi, nilitapika kweli, kwenye migomba.

Nilimkuta shangazi amekaa kwenye jiwe.

"Pole, shangazi."

"Ya nini? Nilitaka mara moja tu. Nimepata." Akatengeneza njiti yake sikioni. "Sasa ile picha yenye sikio unaweza kunitolea kwenye karatasi? Ndogo tu, ya kuweka chumbani."

Nimemtolea kubwa. Iko ukutani kwake, hapo hapo bibi anapoiona kila akiogeshwa.

Kibao cha ndiva bado kipo, NDIVA YA ZEBEDAYO, rangi ya bluu, herufi kubwa. Hakuna aliyekigusa. Lakini wiki hii mtangazaji wa msaragambo amepita na filimbi yake, watu wamemrekodi wakanitumia, nimesikiliza hadi simu ikaisha chaji. Anasema:

"Keshooo, wote tukutane Njiti! Mje na majembe! Njitiii!"

Njiti. Hakuna aliyemuuliza ni wapi.

Enyi mliosoma hadi hapa, kazi kwenu. Zitoeni zile picha kwenye masanduku kabla mende hawajamaliza. Ziskanini zikiwa kubwa, na madoa yake, na mikunjo yake. Aulizwe kila aliyebaki hai: huyu nani, na huyu mwenye mkono tu nani? Na mkisikia mtu anawahimiza mfute uchafu, simamisheni kazi. Kuzeni kwanza. Mnaweza kukuta huo uchafu ni mama yenu.

Mzee Eliufoo amenitumia tena ujumbe leo. Ukoo unasubiri mbuzi. Baba mkubwa anasubiri radhi. Bibi anasema nikiomba, hata kwa simu, itatosha, mambo yaishe kifamilia.

Nawajibu hapa hapa, mbele ya watu, kwa Kiswahili ambacho hakina kichaka cha kujificha:

Mbuzi siji naye. Radhi siombi.